Munyiva Anaanza na Ufunguo

Watu wanaomletea Munyiva gari kwa mara ya kwanza huwa na swali moja. Wanalisimamisha kando ya duka la tairi, pale Kitengela, nyuma ya kituo cha mafuta kilicho kwenye barabara ya Namanga. Wanamkuta mwanamke wa makamo ameketi kwenye kiti cha plastiki, miwani imeshuka puani, overoli ya bluu imepigwa pasi ikanyooka. Wanamtazama, wanatazama nyuma yake, kisha wanauliza:

"Mathe, fundi ametoka?"

"Hajatoka."

"Sasa ako wapi?"

"Unaongea na yeye."

Wengine hucheka wakidhani ni mzaha. Wengine huinua macho kwenye bango alilolichora mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNGUO, RIMOTI, IMOBILAIZA. FUNDI NI MIMI. Maneno matatu ya mwisho aliyaongeza baadaye, alipochoka kujibu. Bado watu huuliza.

Kazi hii aliianzia Nairobi, kwenye kibanda cha fundi aliyeitwa Gakuru, akiuza betri za saa na za rimoti dirishani. Mtu akija na rimoti iliyokufa, Munyiva aliifungua, akaisafisha, akabadilisha betri, akaijaribu. Baadaye akaanza kulehemu vitufe vilivyong'oka. Wateja wakaanza kumtafuta "yule mama wa rimoti", jambo ambalo Gakuru hakulipenda. Alipoomba kufundishwa kutumia kompyuta ya kusajili funguo mpya kwenye gari, Gakuru alimwambia, "Kompyuta ni ya mafundi, Mama Kiilu. Wewe nishikie tochi."

Akashika tochi. Aliishika miaka mingi, Gakuru akiwa amelala chali chini ya usukani, yeye amechuchumaa mlangoni akimmulikia. Gakuru hakufikiria kwamba mwenye tochi anaona kila kitu, tena bila vumbi kumwingia machoni. Siku Munyiva alipotoka pale, aliiweka tochi juu ya meza na kusema, "Hii hapa yako. Tafuta wa kuishika." Akahamia Kitengela na vifaa vyake kwenye mfuko wa kwenda sokoni.

Ana desturi mbili ambazo hazivunji hata kwa mteja mwenye haraka. Ya kwanza, hagusi gari kabla ya kumjua mwenyewe. Fundi wa funguo ni mtu ambaye wezi humtafuta sana, naye hataki urafiki nao. Ya pili, haanzi na gari. Mafundi wengi wakiletewa gari lisilowaka hufungua boneti hapo hapo. Munyiva huanza na ufunguo. Anauomba, anaupima uzito kiganjani, anautazama pande zote, kisha anaurudisha kwa mwenyewe na kusema: "Washa vile huwa unawasha nyumbani. Usinifanyie mazuri." Halafu anakunja mikono na kutazama.

Hizo ndizo desturi zilizompeleka Kajiado, kwenye mkutano ambao hakualikwa.

Ilikuwa Alhamisi. Mwanamke aliyevaa jaketi zito juu ya leso, shanga zikimning'inia masikioni, alikuja kibandani kwa miguu, bila gari wala ufunguo. Hakuuliza fundi yuko wapi. Alisoma bango, akavuta kreti ya soda, akaketi.

"Naitwa Eunice. Mama Lemayian. Nimetoka Kajiado. Niko na gari imenikataa."

"Imekataa kuwaka?"

"Imenikataa mimi," alisema Eunice. "Hiyo ndiyo shida."

Munyiva akavua miwani, akamsikiliza.

Gari lenyewe lilikuwa steshenwagoni ya otomatiki, nyeupe, iliyonunuliwa na Eunice na mumewe Parsaoti baada ya kuuza mitamba wa Eunice, wale aliopewa na baba yake alipoolewa. Parsaoti aliendesha, Eunice akakusanya maziwa ya akina mama wa upande wao, na wote wawili wakayapeleka kwa wenye hoteli Kajiado na Kitengela. Parsaoti alipougua, Eunice alijifunza kuendesha. Parsaoti alipofariki, akashika usukani peke yake. Na tangu wiki ile ya mazishi, gari likaanza visa. Leo linawaka, kesho halitaki. Linanguruma kidogo, linazimika. Maziwa yanaganda kwenye mitungi.

"Fundi wa kwanza akabadilisha betri. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, akabadilisha. Ni hivyo tu."

"Na dashibodi kuna taa nyekundu? Picha ya ufunguo?"

"Inawaka na kuzima haraka haraka kama jicho la mtu amekasirika."

Munyiva akatikisa kichwa polepole. "Na nani anasema imekukataa?"

Eunice akatazama barabarani. "Shemeji yangu, Lemein. Yeye ako na rimoti ya Parsaoti, ile ya kuwasha gari ukiwa mbali. Parsaoti aliiweka ya maringo tu, gari ingurume nje akiwa bado anakunywa chai. Lemein anasema ndugu yake alimwachia mkononi hospitalini. Sasa mimi nikiwa na funguo, gari inazima. Yeye akibonyeza, inawaka mara moja, bila mtu ndani. Anawaambia watu, mnaona? Gari inajua mwenyewe. Imekataa mwanamke."

"Na watu wanasema nini?"

"Wengine wanacheka. Wengine wanaanza kuamini. Jumamosi familia inakaa. Wanataka gari iende kwa Lemein. Funguo wamechukua, zimewekwa kwa Yeyo, mama yake Parsaoti, mpaka siku hiyo. Hiyo gari ikienda, Mama Kiilu, si mimi peke yangu. Akina mama wote watarudi kumwaga maziwa ama kuuza kwa broka kwa bei yake."

Jina hilo la Mama Kiilu alikuwa ameambiwa na muuza tairi. Munyiva aliuliza jambo moja tu: gari limesajiliwa kwa jina la nani? Eunice akatoa simu, akamwonyesha. Majina mawili, lake na la marehemu.

"Jumamosi nitakuja," alisema Munyiva, ingawa Jumamosi ndiyo siku yake yenye kazi nyingi kuliko zote.

Nyumba ya akina Parsaoti iko nje ya mji wa Kajiado, ukishika njia ya kuelekea Bisil, mahali ambapo upepo hauna cha kuuzuia. Munyiva alipofika, watu walikuwa wamekwisha kuomba na kumiminiwa chai. Viti vilipangwa kando ya ua wa ng'ombe: wanaume huku, wanawake kule, na Yeyo katikati, mwembamba, amejifunga shuka nyekundu, fimbo imelala magotini. Steshenwagoni ilisimama mbele yao kama mshtakiwa.

Lemein ndiye aliyekuwa amesimama. Mwanamume mnene, mchangamfu, kofia ya kauboi kichwani. Alipomwona Munyiva na mfuko wake, akakatiza maneno.

"Na huyu ni nani?"

"Ni fundi wangu," alisema Eunice.

"Fundi wa nini? Wa nywele?"

Wanaume wakacheka. Munyiva aliweka mfuko chini, akamtazama chini ya ukingo wa ile kofia.

"Nywele pia najua. Lakini zako naona zimebaki chache, zinaweza kungoja."

Safari hii walicheka akina mama. Ami yake Lemein, mzee aliyeongoza kikao, akagonga kikombe kwa kijiko. "Wacheni. Lemein, maliza."

Lemein akamaliza kwa vitendo. Akatoa rimoti mfukoni, akaiinua ili wote waione, akarudi nyuma hatua kadhaa. Akabonyeza. Taa za gari zikamulika, injini ikashika na kutulia kwa mngurumo laini, viti vyote vikiwa vitupu. Mtoto mmoja akapiga makofi, mama yake akamshika mikono.

"Sina mengi," alisema Lemein akiizima. "Kila mtu ameona. Ndugu yangu amechagua. Sasa tuone huyu mwingine."

Yeyo akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa funguo, akamnyooshea Eunice bila kumtazama usoni.

Hapo ndipo Munyiva alipotoka alipokuwa. "Naomba kuziona kwanza."

Zilikuwa ndani ya kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa shanga nyekundu, nyeupe na bluu, kazi safi ya mtu mwenye subira. Pembeni vilining'inia vibati vidogo vyenye umbo la majani, vikilia kwa kila mtikiso. Kutoka kwenye mdomo wa kifuko ulichomoza ulimi mmoja wa ufunguo. Lakini Munyiva alipokipima kiganjani, kilikuwa kizito kuliko ufunguo mmoja. Akakipapasa kwa dole gumba. Akamrudishia Eunice.

"Washa vile huwa unawasha. Usinifanyie mazuri."

Eunice akaingia, akazungusha. Injini ikashika, ikahema, ikafa. Akarudia. Ikafa. Kwenye dashibodi taa nyekundu ikapepesa haraka haraka.

"Mmeona?" alisema Lemein. "Ama nirudie?"

"Ndani ya hiki kifuko kuna funguo ngapi?" Munyiva aliuliza.

"Mbili," alijibu Eunice. "Wangu, na wa baba Lemayian. Huo wake umeshonewa ndani kabisa."

"Nani aliyeshona?"

Yeyo akaegemea fimbo yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilishona wiki ile tulimzika mtoto wangu. Nilimwambia huyu, funguo zenu zikae pamoja. Msiachane. Kuna ubaya?"

Munyiva alivuta kiti, akaketi mbele ya bibi huyo badala ya kusimama juu yake.

"Hakuna ubaya, Yeyo. Kazi ni nzuri. Lakini nikueleze. Kichwa cha kila ufunguo kina kitu kidogo ndani, kama punje ya mchele. Pale unapoingiza ufunguo, gari linauliza: wewe ni nani? Ile punje inajibu: mimi ni wa hapa. Ndiyo injini inakubali kuendelea. Sasa chukulia wewe uko ndani ya nyumba, mtu amepiga hodi. Unauliza, ni nani? Watu wawili wanajibu pamoja, kila mmoja na jina lake. Unasikia nini?"

"Kelele," alisema Yeyo.

"Utafungua?"

"Nitafungua aje na sijui ni nani?"

"Gari pia halifungui. Siku kifuko kikining'inia vizuri, punje moja ikawa mbali kidogo na nyingine, linasikia jina na linawaka. Siku zimebanana, linasikia kelele. Halijamkataa mtu. Halimsikii."

Minong'ono ikapita kwenye viti vya akina mama. Lemein akacheka kwa nguvu.

"Hadithi! Kama ni hiyo punje, mbona mimi nawasha bila ufunguo wowote?"

"Kuna ufunguo," alisema Munyiva. "Aliyemwekea Parsaoti hiyo rimoti alificha wa tatu ndani ya dashibodi. Lazima. Bila huo, gari lingekataa rimoti yako kama linavyokataa mwizi. Ukibonyeza, ule uliofichwa ndio unaojibu. Gari halikujui wewe. Linajua ufunguo walioununua Parsaoti na mke wake."

"Maneno mengi. Gari inawaka ama haiwaki?"

"Inawaka. Sasa iendeshe."

"Nini?"

"Si ni yako? Iwashe na rimoti yako, uingie, uipeleke mpaka langoni. Pale tu."

Watu wote waligeuza nyuso kwake. Lemein alirekebisha kofia, akabonyeza, injini ikaitika. Akaingia akatabasamu kupitia dirishani. Akashika usukani, usukani ukagoma, umejifunga. Akauvuta kwa nguvu huku na huku. Akakanyaga breki ili aingize gia, na mguu wake ulipogusa tu, injini ikazimika.

Kibati kimoja kikalia mkononi mwa Eunice.

Lemein akashuka, akabonyeza tena, akaingia tena, akakanyaga tena. Ikazimika tena.

"Hiyo imewekwa makusudi," alisema Munyiva. "Rimoti inapasha injini moto tu. Mtu akivunja dirisha aingie, hafiki mbali bila ufunguo."

"Heee!" mwanamke mmoja wa nyuma alipaza sauti. "Kumbe shemeji ni wa kupasha moto tu!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha wanawake na wanaume pamoja, na Lemein akaona amepoteza kitu. Akanyoosha mkono.

"Sawa. Nipeni huo ufunguo basi. Hata mimi nikiwa na ufunguo nitaendesha."

"Kumbe ni ufunguo ulikuwa unataka," alisema Eunice. "Ulikuwa umesema ni gari imekuchagua."

Mzee wa kikao aliona mambo yanakwenda mbio. Akasema hapana, tusifanye haraka. Nyuzi hizi zimeshonwa na mama kwa ajili ya marehemu. Haifai kuzikata leo, mbele ya watu, kwa neno la fundi. Zikae kama zilivyo. Gari likae kwa Lemein mpaka baada ya mvua, kisha familia itakutana tena.

Alisema kwa upole sana, na ndiyo maana lilikuwa neno la hatari. Vichwa vilianza kuinama kukubali. Munyiva alikuwa na kisu kidogo mfukoni, kikali, cha kuchubulia nyaya. Alijua angeweza kusimama, kukata uzi, kuwaonyesha wote. Hakukigusa. Nyuzi hazikuwa zake.

Eunice akaenda kwenye meza ya chai. Akachukua kisu cha mkate, akakipangusa kwa leso yake, akarudi na kusimama mbele ya mama mkwe wake.

"Yeyo, mimi na Parsaoti hatukuachana akiwa hai. Hata sasa hatujaachana. Lakini hiyo gari ndiyo ilisomesha Lemayian, na ndiyo inabeba maziwa yako pia. Haitakaa kwa mtu mpaka baada ya mvua. Utanisamehe ama hutanisamehe, lakini mimi nakata."

Akakata. Shanga zikamwagika vumbini, nyekundu na nyeupe, na mtoto yule wa makofi akaanza kuziokota. Eunice aliuchomoa ufunguo wa Parsaoti, akauweka magotini pa Yeyo. Akaingia garini na wake ukiwa mtupu, hauna hata pete.

Injini ikashika. Ikaendelea. Taa nyekundu ikazimika na kubaki imezimika. Eunice akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Akatia gia, akalizungusha gari kuuzunguka ua wa ng'ombe, ndama wakitawanyika, akarudi na kuegesha pale pale, bampa ikiangalia kiti cha Lemein.

"Mama Kiilu," alisema kupitia dirishani, kwa sauti ya kusikika na wote, "huo ufunguo wa tatu, utoe. Na hayo mambo ya rimoti, toa yote."

"Hutagusa gari ya ndugu yangu!" Lemein alikuwa amesimama.

Munyiva alikwisha kufungua mfuko wake. "Mwenye gari ameniambia. Nimeona jina lake."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie waje na tochi, hapa chini ni giza."

Akalala chali chini ya usukani, miguu yake ikitokeza mlangoni, overoli ikiingia vumbi. Lemein akaja kusimama juu yake, akisema hili na lile, lakini hakuna aliyekuja kusimama pamoja naye. Mwanga ukamulika ghafla juu ya nyaya. Munyiva aligeuza shingo. Eunice alikuwa amechuchumaa mlangoni, ameshika simu yake, taa imewashwa.

"Shika hapo hapo," alisema Munyiva. "Na uangalie ninachofanya."

Alifungua kifuniko, akafuata nyaya kwa vidole mpaka kwenye kisanduku cheusi kilichofungwa kwa utepe. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha ufunguo, hakina ulimi. Akatenganisha nyaya zilizoongezwa, moja moja, akarudisha za asili mahali pake na kuzifunga. Kazi hii haina haraka, na hakuiharakisha kwa sababu ya viatu vya Lemein vilivyokuwa karibu na sikio lake. Alipotoka, akamkabidhi Eunice kisanduku, akajipangusa.

"Sasa bonyeza," alimwambia Lemein.

Lemein hakutaka kubonyeza. Lakini kidole ni kidole, kikabonyeza. Gari likakaa kimya. Akabonyeza tena akiwa ameinyoosha mbele kama mtu anayetafuta mtandao.

Yeyo alikuwa bado ameketi, ufunguo wa mwanawe kiganjani. Aliugeuza, akaunusa, akaufunga kwenye pembe ya shuka yake na kuupachika kifuani.

"Fundi," aliita. "Huu nikikaa nao kiti cha mbele, hizo punje zitapigana?"

"Hapo ni mbali, Yeyo. Hazitasikiana."

"Ashe, asante." Akasimama kwa fimbo, akakataa mkono aliopewa, akaenda mpaka kwenye gari na kuketi mbele kando ya Eunice, shuka ameikusanya magotini. "Maziwa ya watu yanaharibika na sisi tunakunywa chai. Twende. Huyu fundi mpeleke kwake Kitengela, asitafute gari."

Munyiva akapanda nyuma, katikati ya mitungi, mfuko wake mapajani. Mzee wa kikao alikuwa ameinua kijiko kugonga kikombe, lakini hakukigonga. Eunice akawasha, injini ikaitika.

Lango lilikuwa limefungwa. Yeyo akatoa kichwa dirishani.

"Ero, wewe kijana Lemein! Weka hiyo kitu mfukoni uje ufungue lango."

Lemein akatazama wanaume wenzake. Wote walikuwa wanatazama chai yao. Akaja, akaondoa kofia, akafungua lango.